Asparaga za Bi Kalunguyeye na Goti la Bwana Ngiri

Ngano, njoo!

— Njoo tukupokee!

Ngano imebeba nini?

— Imebeba utamu!

Utamu wa nani?

— Wa mwenye masikio!

Basi mwenye masikio ayatege, na mwenye usingizi ajifinye mwenyewe, mimi simfinyi mtu.

Hapo kale, kale ile ambayo mimi sikuwepo, na aliyenisimulia naye hakuwepo, lakini tuna hakika kabisa, palikuwa na Bi Kalunguyeye. Mnamjua kalunguyeye? Yule mnyama mdogo, mviringo, mwenye miiba mifupi mgongoni, ukimgusa anajikunja anakuwa mpira. Basi huyo. Aliishi kwenye mteremko wa mlima, kando ya mfereji, yeye na mgongo wake. Nasema yeye na mgongo wake kwa sababu mgongo wenyewe ulikuwa msumbufu kama mpangaji mbaya. Akilima maharage, mgongo unalia: kwi! Akipalilia mahindi, mgongo unalia: kwi! Kila msimu jembe, kila msimu kwi! Mwishowe Bi Kalunguyeye akaingiwa na hofu. Akasema, "Nikienda hivi, kuna siku nitainama nisiinuke, na nisipolima sili."

Siku moja akapanda kumtembelea shangazi yake huko juu kwenye baridi. Shangazi akampikia mboga asiyoijua: vidole vya kijani, vimenyooka, vina ncha kama ya kalamu. Bi Kalunguyeye akatafuna kimoja. Kachu! Akatafuna cha pili. Kachu!

"Shangazi, hii ni nini?"

"Asparaga, mwanangu."

"Inalimwa kila msimu?"

"Haa! Inapandwa mara moja tu. Ukiipanda vizuri, inakulisha mpaka unazeeka."

Bi Kalunguyeye aliposikia "mara moja tu", mgongo wake nao ukasikia. Ukatulia tuli.

Shangazi akampa kapu la mizizi. Kila shina lilikuwa kama buibui aliyelala chali, miguu huku na huku. Akamwambia, "Sikiliza, na usije ukaniambia hukuambiwa. Chimba mtaro wa kina. Tia samadi. Likalishe kila shina juu ya kichuguu kidogo cha udongo, miguu yake iteremke pande zote. Fukia. Mwaka wa kwanza, usikate. Mwaka wa pili, usikate. Mwaka wa tatu, kata kidole kikifika shubiri mbili, shubiri zetu sisi, si za tembo. Vichache viache virefuke, viwe mama. Hao mama ndio wanaoilisha mizizi. Na mizizi isiguswe! Ikichimbuliwa, imekwisha, na miaka yako imekwisha nayo."

Bi Kalunguyeye akarudi nyumbani na kapu kichwani. Akachimba mtaro nyuma ya nyumba. Tifu, tifu, kwi! Tifu, tifu, kwi! Siku tisa. Akatia samadi, akakalisha mashina, akafukia. Akasema, "Mgongo wangu, nisamehe. Hii ndiyo mara ya mwisho."

Mwaka wa kwanza, vikatoka vijiti vyembamba kama uzi wa kushonea. Je, alikata? Hakukata. Vikarefuka, vikachanua majani membamba kama nywele, vikayumba kwa upepo. Jirani yake Kanga, ndege mwenye madoa na mdomo usiopumzika, akaja mpakani. Kekekeke!

"Shoga, unafuga nywele siku hizi?"

"Nafuga, jirani."

"Zitaliwa na nani, shoga? Na chawa?"

Bi Kalunguyeye akamwagilia, huku akiimba:

*Lala, asparaga, lala,*
*mimi sina haraka.*
*Jikusanye chini kwa chini,*
*nami juu ninangoja.*

Mwaka wa pili, vikatoka vijiti vinene kidogo, kama mrija. Je, alikata? Hakukata! Njaa ilimkaba kiangazi kile, akala mchicha asubuhi, akala mchicha jioni, akaota mchicha, wala hakukata. Kanga akaja mpakani. Kekekeke! "Shoga, nywele zimekua, sasa zisuke!" Bi Kalunguyeye akamwagilia, akaimba wimbo wake, akangoja.

Mwaka wa tatu, mvua za kwanza zikapiga mlima. Tititi, tititi, tititi, usiku kucha. Asubuhi udongo ukapasuka: tii! Kidole kikachungulia. Tii! Kingine. Tii, tii, tii! Tuta zima vidole, vinene, vya kijani, vina haya kidogo nchani. Bi Kalunguyeye akapima shubiri mbili, akakata kimoja, akakitia kwenye maji ya moto na chumvi kidogo. Kachu! Akaketi juu ya jiwe akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Miaka mitatu ya mchicha, jamani! Acheni acheke.

Kwa furaha akafanya kosa. Alimwonjesha Kanga.

"Mama yangu!" Kanga akasema. Kachu! "Mama yangu mzazi!"

"Usimwambie mtu, jirani."

"Mimi? Nimwambie nani mimi?"

Kanga akaenda akamwambia Digidigi, "Usimwambie mtu." Digidigi akamwambia Pimbi, "Usimwambie mtu." Kufikia saa kumi jioni, mlima mzima ulikuwa umeambiwa usimwambie mtu. Na habari ikamfikia Bwana Ngiri.

Huyo Bwana Ngiri sasa! Mkubwa, mnene, pembe mbili zimetoka mdomoni, mkia juu akikimbia kama waya wa redio. Huyu katika maisha yake hakuwahi kupanda hata mbegu moja, lakini hakuna shamba ambalo hakuvuna. Akiingia kwenye karanga za Kanga, anakula cha juu, anakula cha chini, anaacha shimo. Akiingia kwenye viazi vya Digidigi, anakula cha juu, anakula cha chini, anaacha shimo. Ukimuuliza, anakwambia, "Mimi nina nguvu, wewe una nini?" Na mtu unatazama mikono yako, unampisha.

Kesho yake asubuhi akaja. Kwata kwata kwata! Mgh! Akavuka mfereji, akasimama kando ya tuta.

"We Kalunguyeye!"

"Abee, Bwana Ngiri. Shikamoo."

"Sitaki shikamoo, nataka mboga. Nasikia una vidole vitamu. Nipishe nichimbe."

Bi Kalunguyeye akajirusha mbele ya tuta, akajikunja, prrr! akawa mpira wa miiba. Ngiri akamsukuma kwa pua. Aiii! Pua ikachomwa.

"Toka!" Ngiri akapiga kelele, anapiga chafya. "Ukitoka nachimba, usipotoka nachimba! Nakula cha juu, nakula cha chini, naacha shimo!"

Ndani ya ule mpira kulikuwa na giza, na gizani Bi Kalunguyeye alikuwa anafikiri upesi upesi. Ataanza lini tena? Mgongo gani utachimba siku tisa nyingine? Miaka mitatu gani atangoja? Akifukuza, hana nguvu. Akilia, Ngiri hana huruma. Kilichobaki ni ule uroho wa Ngiri mwenyewe. Akachomoza pua nje.

"Bwana Ngiri, ukichimba utakula leo. Na kesho?"

"Kesho nitakwenda kwa mwingine."

"Mwingine hana asparaga. Ninayo mimi peke yangu. Mizizi ikibaki, vidole vinatoka kila siku. Leo utakula, kesho utakula, keshokutwa utakula. Tugawane."

Ngiri akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa na sauti: mgh... mgh... mgh... "Tugawane vipi?"

Bi Kalunguyeye akaanza kusema haraka haraka, kama mtu anayetaka jambo lipite kabla mwenzake hajaamka. "Rahisi! Wewe ni mgeni, chukua hivi vidogo laini. Vile vikubwa, virefu, niachie mimi, mimi ni mjane, nina mgongo mbovu, ndiyo tumekubaliana, asante, kwaheri Bwana Ngiri."

"Nini?" Ngiri akaruka. "Vikubwa viwe vyako? Vyako wewe, kidonge cha miiba? Vikubwa ni vyangu!"

"Bwana Ngiri, tafadhali, vikubwa usinichukulie!"

"Vikubwa ni vyangu!"

"Utaniua, Bwana Ngiri!"

"Kufa! Sikia. Kila kitakachopita goti langu ni changu. Kitakachokuwa chini ya goti langu ni chako. Basi!"

Bi Kalunguyeye akalia kilio kikubwa. Lakini jicho moja lilikuwa kavu. Akasema kwa kwikwi, "Kama ndivyo, twende tukaape kwa isale. Usije kesho ukataka na vile vidogo vyangu."

Sasa isale mnalijua, lile jani refu la mpakani. Kwenye mteremko ule, ukiapa umeshika isale, umeapa. Ukivunja, hakuna atakayekupiga wala kukutukana. Lakini hutakunywa tena maji ya mfereji, na hutagaagaa tena kwenye matope yake. Na Ngiri bila matope ni Ngiri gani?

Wakaenda kwa Mama Korongo, mjumbe wa mfereji, ndege mwenye miguu mirefu anayefikiri akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Majirani wakaitwa. Kanga akaja wa kwanza. Ngiri akashika isale, akasema mbele ya wote: "Kila kitakachopita goti langu ni changu. Kitakachokuwa chini ya goti langu ni chako." Bi Kalunguyeye akashika isale, akasema yale yale, anafuta machozi.

"Kanuni ni kanuni," akasema Mama Korongo, akabadilisha mguu.

Basi kila asubuhi Bi Kalunguyeye anapita tutani. Anapima shubiri mbili: chu! Shubiri mbili: chu! Kapu linajaa. Vidole vichache anavipita, anaviacha. Hivyo vikapanda, vikafika gotini kwa Ngiri, vikapita goti, vikachanua nywele, vikawa mama. Ngiri akaja. Kwata kwata kwata! Mgh!

"Vimepita goti?"

"Vimepita, Bwana Ngiri. Ona vilivyo virefu. Roho inaniuma."

Ngiri akang'ata. Kashakasha. Nywele zikajaa mdomoni. Akatafuna. Kashakasha, kashakasha. Ilikuwa kama kula ufagio. Kanga alikuwa mpakani, shingo ndefu.

"Bwana Ngiri, tamu?"

Je, Ngiri angesema nini? Kwamba ameapa kwa isale ili ale ufagio? Akameza: gububu! "Tamu," akasema, macho yamemtoka. "Tamu kupita kiasi."

Siku ya pili, kashakasha. "Tamu, Bwana Ngiri?" "Tamu!" Siku ya tatu, kashakasha. "Tamu?" "Nimesema tamu!" Siku ya nne hakuja. Tumbo lilikuwa linamnguruma hata ng'ambo ya mfereji wakadhani mvua inakuja.

Bi Kalunguyeye akanenepa. Akaanza kutembea kwa maringo kidogo, na mimi hapo simsifu. Alidhani kwenye mteremko ule wote akili zimegawiwa yeye peke yake.

Ngiri alikuwa kwenye matope, anafikiri. Mgh... siku ya kwanza. Mgh... siku ya pili. Siku ya tatu akasimama ghafla, matope yanamchuruzika, akacheka kicheko ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Akamwita Mama Korongo, akawaita majirani, wote wakaongozana mpaka kwenye tuta. Vidole vilikuwa vimetoka vingi asubuhi ile, laini, Bi Kalunguyeye bado hajakata hata kimoja.

"Mama Mjumbe," akasema Ngiri, "nilipoapa, nilisema goti la nani?"

"Lako."

"Nilisema ni goti langu nikiwa nimesimama?"

Mama Korongo akafikiri, mguu mmoja. "Hukusema."

"Vizuri." Na Ngiri akakunja miguu ya mbele. Pu! Magoti yakagusa udongo. "Sasa tazameni. Kila kilichotoka ardhini kimepita goti langu."

Watu wote wakainama kuyatazama. Hata Kanga. Bi Kalunguyeye akatazama magoti ya Ngiri, akatazama vidole, akamtazama Mama Korongo.

"Kanuni ni kanuni," akasema Mama Korongo kwa sauti ndogo, na alionekana kusikitika kweli.

Nyofu! Ngiri akang'oa kidole cha kwanza. Kachu! Akasimamisha masikio. Kumbe hii ndiyo asparaga! Nyofu, kachu! Nyofu, kachu! Akatembea kwa magoti kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho, nyofu, kachu, na nyuma yake hapakubaki kitu ila wale mama wenye nywele. Bi Kalunguyeye alisimama pale pale. Safari hii macho yote mawili yalikuwa na maji. Alijiona mjinga. Lile goti lilitajwa mbele yake, akaona urefu wake tu, hakuona kwamba linakunjika.

Ngiri akafika mwisho wa tuta, akalamba midomo. Akatazama chini. "Mgh! Kama vidole ni vitamu hivi, mizizi itakuwaje?" Na akaingiza pembe zake kwenye udongo. Tifu!

Hapo Bi Kalunguyeye akapiga yowe. Vidole vitatoka tena, lakini mizizi! Akakimbia kwa vile viguu vyake, akasimama mbele ya pua ya Ngiri bila hata kujikunja.

"Bwana Ngiri! Umepiga magoti?"

"Nimepiga, huoni?"

"Yamegusa udongo?"

"Yamegusa."

"Sema kwa sauti, Mama Mjumbe asikie. Yamegusa kweli?"

"Yamegusa udongo!" Ngiri akanguruma, kwa fahari.

"Na kilicho chini ya goti lako ni cha nani?"

Ngiri akachomoa pembe zake udongoni. Akatazama magoti yake.

"Cha Kalunguyeye!" majirani wakaitikia kwa pamoja. Digidigi aliyeliwa viazi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Ngiri akasimama haraka. "Basi nimesimama!"

"Karibu," akasema Bi Kalunguyeye. "Ukisimama, vidole ni vyangu. Ukipiga magoti, mizizi ni yangu."

Ngiri akapiga magoti. Pu! Akasimama. Akapiga magoti. Pu! Akasimama. Akawa kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea. Mwishowe Mama Korongo akachoka. "Bwana Ngiri, chagua moja, ulishikie isale, tukanywe uji."

Ngiri akakumbuka kashakasha. Akakumbuka kachu. "Nachagua magoti," akasema. "Nikija kwenye tuta hili, nitakuja kwa magoti. Vidole vyote ni vyangu. Wewe kaa na mizizi yako uitafune!"

Akashika isale, akaapa. Watu wakatawanyika. Na Ngiri hakurudi kwake, alihamia pale pale. Akapiga magoti kando ya tuta, anangoja kidole cha kwanza kichungulie.

Bi Kalunguyeye akaingia ndani, akakaa. Mizizi ilikuwa salama, lakini mizizi hailiwi. Kapu lilikuwa tupu na mchicha ulikuwa unamwita tena. Akatazama dirishani, akayaona yale magoti mawili kwenye udongo. Akayatazama. Akayatazama sana. Halafu akachukua kapu na jembe, akatoka.

Akaanza kuchota udongo wa pembeni na kuumwaga juu ya tuta. Tifu, kwi! Tifu, kwi! Mgongo ulilalamika kuliko siku zote, akaumeza uchungu wake.

"Unafanya nini wewe?" Ngiri akauliza.

"Naifunika mizizi yangu, Bwana Ngiri. Si ndicho changu pekee ulichoniachia? Naogopa isije ikapata baridi."

"Funika, funika," Ngiri akacheka. "Iwekee na mto!"

Akamwaga udongo mpaka tuta likawa juu kama kochi. Wale mama wenye nywele hakuwafunika, wakabaki wanayumba juani, wanailisha mizizi yao. Ngiri akapanda juu ya tuta kwa magoti yake, ili awe karibu. Na udongo ulivyopanda, magoti yalipanda nao. Na magoti yalivyopanda, cha chini ya goti kikazidi.

Chini huko, gizani, vidole vikaanza kukua. Havikuona jua, vikawa vyeupe, vinene, laini kabisa. Bi Kalunguyeye akawa anazunguka tuta kila asubuhi, macho kwenye udongo. Akiona ufa mdogo, tii! anajua kidole kimekaribia kutoka. Anaingiza mkono ubavuni mwa tuta taratibu, anapapasa, chu! Anakivuta. Anafukia. Juu hakujaonekana kitu, na Ngiri yuko pale pale, shingo imenyooka, anatazama ufa.

"Mbona hakitoki?"

"Kinakuja, Bwana Ngiri."

"Jana ulisema kinakuja."

"Asparaga inataka kungojewa. Mimi nilingoja miaka mitatu."

Chu! Kapu linajaa. Na Digidigi akisogea kutaka kunusa, Ngiri anamkoromea, "Toka! Cha juu hapa ni changu chote!" Hivyo Bi Kalunguyeye akapata mlinzi pia, mchana kutwa, wala hakumlipa hata asante.

Alipopika vile vyeupe mara ya kwanza, akamwita Kanga. Kachu! Vilikuwa vitamu kuliko vya kijani. Kanga akafumba macho.

"Jirani," akasema Bi Kalunguyeye, "safari hii tafadhali mwambie kila mtu. Hiki ni cha chini ya goti, ni changu kwa isale."

Kanga alipoona ameruhusiwa kusema, hamu yote ya kusema ikamwisha. Hakumwambia mtu mpaka leo.

Na Ngiri? Msimu ukapita, akiwa kwa magoti. Mwaka ukapita, akiwa kwa magoti. Magoti yakaota sugu. Akawa hawezi tena kukaa mbele ya chakula chochote bila kuyakunja, hata majani ya kawaida tu. Nendeni mkamtazame akila, mtaniambia: pu! kwanza magoti, kisha mdomo. Majirani wakipita humuuliza, "Bwana Ngiri, hujambo? Kimetoka?"

"Bado kidogo tu," anajibu. "Nyufa nimeziona."

Ngano imefika, imevua viatu, imekula, imenyanyuka. Aliyeipenda aisindikize mpaka njiani, aliyeichukia aifungie mlango polepole, ina miiba.

— Na funzo lake?

Funzo! Enhe, nisije nikawanyima haki yenu. Funzo la ngano hii ni kwamba nguvu ndiyo kila kitu, na ujanja hauna faida. Tazameni wenyewe. Bi Kalunguyeye, pamoja na akili zake zote, aliambulia nini? Cha chini tu: giza, udongo na mkono mchafu kila asubuhi. Bwana Ngiri kwa nguvu zake akapata cha juu chote: jua lake, upepo wake, na mbingu yote mpaka nyota ya mwisho, hakuna wa kumnyang'anya. Kwa hiyo, watoto wazuri, msijisumbue kufikiri. Mkimwona mtu mwenye nguvu anataka cha juu, mwacheni achukue. Nanyi mkanawe mikono, mboga imeiva.